Paa la kioo: Jua liingie, mvua ibaki nje

Mpenzi msomaji, mtu wa Nyeri hahitaji kufundishwa baridi ni nini. Ikifika Juni, wingu hushuka kutoka milima ya Nyandarua na kutanda juu ya Ruring'u, Kamakwa na King'ong'o, na kuna siku jua huchungulia kidogo tu adhuhuri kisha likaenda zake. Nguo hukaa kambani siku tatu bila kukauka. Wazee hulalamikia magoti. Watoto nao hufanya kazi ya shule wakiwa wamejifunga blanketi.

Ndiyo maana sikushangaa kupata swali la mama mmoja wa Ruring'u. Ana veranda ya futi 10 kwa futi 8, inayotazama mashariki, na angependa kuigeuza iwe chumba cha kuotea jua. Mama mkwe wake, aliye na umri mkubwa, anaishi nao na baridi humsumbua sana. Katika jarida moja la ng'ambo mama huyu aliona chumba cha namna hiyo chenye paa lote la kioo, akakipenda. Fundi mmoja amemwambia kazi ni rahisi: anunue vioo vya kawaida vya dirisha, avipange juu ya mbao, azibe kwa puti, basi. Anauliza kama hilo ni jambo la busara, na kama chumba hicho kitampa raha au kitamfanya mtumwa wa kuziba matundu kila msimu wa mvua.

Naam, chumba cha jua kinawezekana, tena kwa gharama ya wastani. Lakini si kwa vioo vya dirisha, na si kwa paa lote kuwa la kioo. Tuanze na hili la pili.

Jua letu si jua la Ulaya

Picha nyingi za vyumba hivi hutoka nchi zilizo mbali na ikweta. Mjini London, mwezi wa Desemba, jua la adhuhuri huinuka takriban digrii 15 tu juu ya upeo wa macho. Huingia kwa ubavu, kupitia kuta za vioo, na paa halipati joto kali. Nyeri ni kinyume. Ikweta inapita Nanyuki, mwendo mfupi tu kutoka mjini Nyeri. Hapa jua la adhuhuri haliko mbali na utosi mwaka mzima. Hata Juni, linapokuwa limeelekea kaskazini kabisa, huwa digrii 24 hivi tu kutoka katikati ya utosi.

Maana yake ni nini? Ni kwamba kwetu, paa ndilo linalopokea sehemu kubwa ya jua. Ukiezeka paa lote kwa kioo, utafurahi Julai, lakini Januari na Februari, anga inapokuwa safi, chumba kitakuwa kama tanuri ya mkate. Halafu usiku, kioo hicho hicho kitaachilia joto lote litoroke, na asubuhi utaamka ukakute matone ya maji yakidondoka kwenye viti.

Hivyo basi, ushauri wangu ni huu: paa la veranda hiyo ligawanywe. Theluthi moja hivi, au pungufu kidogo ya nusu, iwe ya kupitisha mwanga. Sehemu iliyobaki iwe mabati ya kawaida yenye dari chini yake. Vioo vya kawaida viende ukutani, kwenye madirisha makubwa ya upande wa mashariki ambako jua la asubuhi huingia likiwa chini, na upande wa kaskazini ambako jua huelekea katika miezi ya baridi. Ukuta wa kusini hauna faida Julai. Uache uwe wa mawe.

Kioo gani kinafaa juu ya kichwa?

Sasa tuje kwa yule fundi na vioo vyake vya dirisha. Hapa, msomaji, sitapindapinda maneno. Kioo cha kawaida cha dirisha hakifai kabisa kuwekwa juu ya vichwa vya watu. Kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha kama visu, navyo huanguka moja kwa moja juu ya aliyeketi chini. Nyeri ina mvua ya mawe. Wakulima wa majani chai wanajua hasara yake. Tena, nyumba nyingi za Ruring'u zina mparachichi uani. Parachichi moja gumu likianguka kutoka juu ya mti latosha kuleta msiba.

Ukitaka kujua tofauti ya vioo, tazama matatu. Kioo cha mbele kikigongwa na jiwe hupasuka kama utando wa buibui lakini hakianguki. Hicho ni vioo viwili vilivyobandikwa pamoja kwa utando wa plastiki katikati, na mafundi hukiita lamineti. Kioo cha dirisha la kando, kwa kawaida, kikivunjika humwagika kama punje za mahindi. Hicho kimepashwa moto sana kiwandani kisha kikapozwa ghafla. Cha kwanza ndicho bora zaidi kwa paa, kwa sababu hata kikipasuka hubaki mahali pake mpaka utakapokibadilisha.

Tatizo la lamineti ni bei na uzito. Bei yake ni mara kadhaa ya kioo cha kawaida. Kuhusu uzito, tupige hesabu. Veranda ya futi 10 kwa 8 ni kama mita 3 kwa mita 2.4. Paa likiwa na mwinamo mzuri, eneo lake huwa mita 7.5 za mraba. Kioo cha lamineti cha unene wa milimita 6 na kidogo kina uzito wa kilo 16 hivi kwa kila mita ya mraba. Paa lote litakuwa na kilo 120 za kioo, kabla ya kuhesabu mbao. Bati la geji 30 halifiki kilo 3 kwa mita ya mraba. Veranda iliyojengwa kubeba mabati isibebeshwe kioo bila nguzo na boriti kukaguliwa na mtu anayeijua kazi hiyo.

Njia ya mtu wa kipato cha kadiri

Njia ninayoipendekeza kwa mama huyu, na kwa yeyote mwenye mfuko wa kadiri, ni shiti za polikaboneti zilizokunjwa mawimbi sawasawa na mabati. Kwa macho huonekana kama kioo, lakini ni plastiki ngumu sana. Mita moja ya mraba ina uzito wa kilo moja na nusu au pungufu. Hupigwa na mvua ya mawe bila kupasuka kama kioo, na hata ikiharibika haimwagi visu. Kwa kuwa mawimbi yake yanalingana na ya mabati, hupandana nayo bila maungio ya ajabu, na fundi yeyote wa mabati ataweza kazi hiyo.

Lakini jihadhari, kuna plastiki na plastiki. Dukani utaonyeshwa shiti za aina tatu zinazofanana. Za faibaglasi hugeuka manjano kwa jua, na baada ya miaka kadhaa nyuzi zake huanza kutokeza nje na kushika uchafu. Za PVC ni rahisi, lakini jua huzifanya kuwa kavu na kuvunjika kama biskuti. Polikaboneti nzuri ina utando wa kuikinga na miale mikali ya jua, na aghalabu utando huo uko upande mmoja tu. Upande huo huwa umeandikwa, nao ndio unaotazama juu. Fundi akiigeuza, umepoteza pesa zako. Uliza dhamana ya maandishi ni ya miaka mingapi, na uihifadhi pamoja na risiti. Wahenga walisema rahisi ghali.

Namna ya kuezeka

Mwinamo. Paa la kupitisha mwanga lisilazwe. Liinamishe angalau digrii 15, yaani kwa kila mita moja ya upana, paa lishuke sentimita 27. Kwa veranda ya mita 2.4, upande wa ukuta wa nyumba uwe juu kwa sentimita 65 kuliko upande wa nje. Mwinamo huo hufanya mvua iwe ndiyo mwoshaji wako, vumbi lisigande, na matone ya ndani yateremke pembeni badala ya kudondoka.

Mbao. Saiprasi iliyokauka vizuri na kutiwa dawa ya wadudu inafaa. Boriti za inchi 6 kwa 2 ziwekwe kila baada ya sentimita 60. Kwa upana wa mita 3 utahitaji sita. Juu yake mapao yapitishwe kwa kukingama, yasipishane zaidi ya sentimita 75. Mbao mbichi hupinda, na ikipinda paa huachana. Paka rangi nyeupe upande wa juu wa mapao yatakayoguswa na polikaboneti. Mbao au chuma cheusi hupata moto sana juani na kuichosha shiti mahali pale pale inapokaa.

Kufunga. Hapa ndipo mapaa mengi huharibika. Polikaboneti hutanuka kwa joto kuliko kioo. Shiti ya mita 3, kutoka baridi ya alfajiri hadi jua kali la mchana, huweza kurefuka kwa milimita 8 hivi, ilhali kioo cha urefu huo hakizidi milimita moja na kidogo. Basi usipige misumari. Toboa shimo lililo pana kuliko skrubu kwa milimita chache, kwenye mgongo wa wimbi na wala si bondeni, kisha utie skrubu yenye washa pana ya mpira. Kaza mpaka mpira uguse vizuri, usikaze mpaka shiti ibonyee. Ukibana sana itapasuka pale pale, na maji yatapita hapo.

Maungio na ukuta. Uvujaji mwingi hutokea pale paa linapokutana na ukuta wa nyumba, si katikati ya paa. Fundi achimbe mfuo ukutani, sentimita 15 juu ya paa, aingize ukingo wa bati la kukinga maji, azibe kwa simiti, na bati hilo lishuke juu ya shiti. Kupaka silikoni peke yake pembeni ni kujidanganya. Na mahali unapohitaji silikoni, chagua ile isiyo na harufu ya siki. Ile yenye harufu ya siki hula bati na haipatani na polikaboneti.

Upepo. Paa jepesi hupaa. Funga kila boriti kwenye ukuta au nguzo kwa mkanda wa chuma.

Ikiwa una uwezo na moyo wako umetamani kioo cha kweli, weka lamineti kwenye nafasi mbili tu kati ya hizo tano zilizo baina ya boriti. Kioo kisikalie mbao wala chuma moja kwa moja. Kilale juu ya ukanda wa mpira, na juu yake kibanwe kwa ukanda mwingine wa mpira na mfuniko wa alumini. Puti hukauka na kupasuka juani, kisha kila mwaka unamwita fundi. Mabati ya nafasi zile nyingine yapate fundi mzuri wa maungio, maana bati la mawimbi na kioo bapa havikai pamoja kwa urahisi.

Kuna funzo pia kutoka mbali. Mwaka 1851 Joseph Paxton alisimamisha mjini London jumba la maonyesho lililojulikana kama Crystal Palace, lenye vioo takriban 300,000. Siri yake ilikuwa kuchagua kwanza kipimo cha kioo ambacho kiwanda kingeweza kutengeneza kwa wingi, ndipo akapanga mbao zifuate kipimo hicho. Vile vile alichonga mifereji midogo kwenye boriti ili maji yanayojikusanya ndani yapate njia. Nawe fanya hivyo: nenda dukani upime shiti au kioo kwanza, kisha ndipo fundi akate mbao. Ukianza na mbao, utalipia vipande vya kutupa.

Hewa, sakafu na jiko la makaa

Chumba kisicho na pa kupumulia kitawachosha watu na kuozesha mbao. Weka madirisha ya luva juu kabisa ya ukuta, karibu na paa, na mengine chini upande wa pili. Hewa moto hutokea juu, baridi huingia chini. Kwa chumba cha ukubwa huu, jumla ya nafasi ya kufungua isipungue mita moja ya mraba. Januari, tandaza wavu wa kivuli juu ya paa kwa nje. Pazia la ndani husaidia kidogo tu, maana joto limekwisha kuingia.

Kuhusu kuhifadhi joto, hatuhitaji mitambo. Sakafu ya simiti iliyopakwa oksaidi nyekundu, ile ya kizamani, hunyonya jua mchana na kurudisha joto jioni. Ukuta wa mawe wa nyumba hufanya vivyo hivyo, mradi usiufunike kwa makabati. Jua likizama, funga mlango kati ya chumba hiki na nyumba, kwa sababu usiku chumba cha jua hupoa haraka kuliko vyote. Na siku za wingu zito usitarajie miujiza. Mwanga utakuwapo, lakini joto litakuwa kidogo.

Hapa, mpenzi msomaji, naomba unisikilize vizuri. Siku kama hizo ndizo watu huingiza jiko la makaa ndani na kufunga madirisha. Moshi hauonekani, kwa hiyo wanadhani wako salama. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kusinzia, kisha haamki. Chumba cha jua kilichozibwa vizuri ni hatari zaidi kwa jambo hilo. Mkalishe mzee wako humo saa za jua, mfunike kwa shuka na blanketi jioni, mpe chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa. Jiko libaki nje, hata mgeni aseme nini.

Kabla hujaita fundi

Fika kwanza katika ofisi za kaunti zinazohusika na ujenzi. Kwa sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, ujenzi huhitaji idhini, na ni afadhali kuuliza kuliko kuambiwa ubomoe. Kama nyumba si yako, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Na kama paa lako la zamani ni la asbesto, usiruhusu mtu alikate wala kulitoboa. Vumbi lake huharibu mapafu, na kuna wataalamu wenye leseni ya kuliondoa.

Punguza matawi ya mparachichi yaliyo juu ya veranda. Kama una miti ya grevilea karibu, weka wavu kwenye mfereji wa maji, kwa kuwa majani yake hayana likizo. Ukiwa na mfereji safi na tangi, veranda hii hukupa zaidi ya lita 200 kwa mvua moja ya milimita 30, maana kila milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja.

Matunzo yenyewe ni machache. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za Machi na za Oktoba, osha paa kwa maji, sabuni laini na kitambaa. Usitumie mchanga, petroli wala thina kwenye polikaboneti, itafifia milele. Kaza skrubu zilizolegea, tazama bati la ukutani, safisha mfereji. Usikanyage shiti, weka ubao mrefu juu ya mapao. Nusu siku inatosha, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa wanafunzi

Chukueni maboksi mawili ya katoni yaliyo sawa. Pakeni ndani rangi nyeusi. Moja lifunikeni kwa karatasi ya plastiki angavu, jingine liacheni wazi, kisha yawekeni juani pamoja na vipimajoto viwili, mkivifunika kwa kipande cha karatasi ili jua lisivipige moja kwa moja. Andikeni kipimo kila baada ya dakika 10. Halafu toboeni tundu juu na jingine chini ya lile lililofunikwa, mpime tena. Mtaona wenyewe kwa nini chumba cha jua hupata joto, na kwa nini madirisha ya luva si pambo.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutaangalia namna ya kuzuia ukungu kwenye kuta za vyumba vya kulala. Hadi wakati huo, Jumapili njema.